Chai Niliyoipokea Bila Kukataa

Leh, Jumatatu

Dada Padma,

Daktari amesema leo asubuhi kwamba goti langu ni zima. Marathoni ya jana nimeimaliza, wa mwisho kabla hawajafunga barabara.

Kufika kijiji cha Shey sikuihisi tena miguu. Mto uling'aa pembeni, miti ikapita taratibu kama mawingu, nikaona kama mimi ndiye niliyesimama. Watu walininyooshea chai ya siagi. Nilipokataa walidhani ni ile adabu yetu ya kukataa kwanza, wakanikimbiza na vikombe: "Kunywa bibie, acha madaha!"

Langoni kwetu alikuwepo Baba. Unajua hajanisemesha tangu nimwache mume wangu. Akaninyooshea kikombe. Nilikipokea papo hapo, nikanywa chai yote, na gari la kufunga barabara linakuja nyuma.

"Hata kukataa kidogo hujui?" akasema. "Haya kimbia, mwanangu, wanakufikia!"

Jioni alinipigia simu. Jumamosi wanavuna shayiri. Amesema nije na mundu, na mizigo yangu yote.

Mdogo wako,
Deskit