Maelezo Kuhusu Ngazi Iliyopakwa Plasta

SHAHIDI: Mwanamke, miaka 43, mpimaji wa zege, mkazi wa nyuma ya soko. Hujulikana kama Mama Nyundo.

Kazi yangu ni kupima zege kwa sauti. Zege zima ukiligonga kwa nyundo hulia kwa ukali, ngi! Lililoachana ndani hutoa mlio mzito, bu. Nikiwa na shaka natumia mashine inayopeleka sauti upande huu na kuipokea upande wa pili. Sauti ikichelewa, ndani kuna ufa au uwazi.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa nne asubuhi, msimamizi wa jengo analopanga wifi yangu aliniita nipime ngazi zake mbili. Zote, ya mbele na ya nyuma, zililia bu pale zinapokata kona. Mashine ikakubaliana na nyundo. Nikachora alama nyekundu, nikamwambia asimamishe nguzo za mbao chini yake siku hiyo hiyo.

Tarehe 9 aliniita tena. Nguzo hakuna hata moja. Alama zangu za ngazi ya mbele zimefunikwa kwa plasta mbichi. Akasema, "Gonga sasa, mama. Tumeshaitibu." Nikagonga. Bu. Alidhani mlio ni upele, unapakwa dawa ukapona! Nikamwambia, "Umempaka maiti poda." Akacheka.

Jana, tarehe 11, saa moja asubuhi, ngazi ya mbele ilikatika kwenye ile kona, wifi yangu akiwa juu yake na ndoo ya nguo. Amevunjika nyonga. Leo msimamizi anawatangazia watu eti wifi alibeba mzigo mzito. Ndoo ya nguo, afande! Tangu lini ndoo ya nguo ikavunja zege zima? Nimekasirika na sitaki yaandikwe vinginevyo.

Sasa wapangaji wote, wazee na watoto, wanapita ngazi ya nyuma. Nayo inalia bu. Wewe unaniuliza habari za iliyoanguka. Mimi nimekuja kwa ajili ya ile ambayo bado imesimama.

Niliyoyaeleza nimeyaona na kuyasikia mwenyewe, na nitayarudia mbele ya msimamizi akitaka.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi, amekubali, amesaini. Saa tano nimetuma askari wakawashushe wapangaji mmoja mmoja. Shahidi amekwenda nao na nyundo yake. Saa sita askari wamenipigia simu: wamemkuta msimamizi na fundi chini ya ngazi ya nyuma, wanachanganya plasta.