Salim Hakujua Chumvi Iko Wapi

Ijumaa, mwezi wa saba. Satwa, Dubai.

Joto la leo halina adabu. Nimetoka kazini dukani saa tisa, na kabla sijafika kituo cha basi nguo zote zimenishika mwilini. Ni wiki moja tangu nirudi kutoka Winnipeg, Kanada, kumtembelea mdogo wangu Salim. Mama ndiye aliyenituma. Salim hajakanyaga Mombasa miaka sita, na Mama alitaka nikaone kwa macho yangu anaishije.

Wiki nzima nimemkwepa Mama. Nilikuwa namtumia picha.

Picha ninazo tele. Mito miwili inakutana katikati ya mji, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na kando yake pana soko ambapo mama wa Kiukreni anauza vyakula vya kwao jirani na Mhabeshi na mikate yake ya injera. Ukivuka daraja la waendao kwa miguu, upande wa pili unasikia Kifaransa. Tulipanda jumba la makumbusho la vioo hadi juu kabisa. Tulikwenda kuwaona nyati wao wenye manyoya mabegani, na nyuma yao nyika tambarare, hakuna hata kilima kimoja.

Kilichonigusa zaidi ni Wafilipino. Hapa Dubai ninalala chumba kimoja na wawili wao, na kila siku wanazungumzia kurudi kwao. Kule niliwaona wamezeeka, wana wajukuu, wamepanda maua mlangoni. Niliona wivu, nakiri.

Siku kumi Salim hakuchoka kunitembeza. Nikianza tu kumuuliza kazi inaendaje, ananikatiza, "Dada, vaa viatu, kuna mahali hujapaona."

Sikushuku kitu hadi siku ya nane. Mvua ilinyesha, tukabaki nyumbani, nikasema nipike wali wa nazi. Nikamwomba chumvi. Akafungua kabati la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akafungua friji.

Hakujua chumvi iko wapi.

Na huyu ndiye aliyeniambia anaishi peke yake humo mwaka wa pili, na anajipikia. Nyumba ilikuwa ya kuazima. Nikaiona mwenyewe chumvi nyuma ya birika, nikaitia, nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu mchezo huo naujua. Mama alipopita Dubai akitoka Umra, niliazima fleti ya mwenzangu wa dukani kule mtaa wa Karama, nikamwambia ni yangu. Siku tatu nilimzungusha madukani, kwenye chemchemi zinazorusha maji, treni ya metro kwenda na kurudi, ili jioni awe amechoka asiulize kitu. Hakufika hapa Satwa, ambapo tunalala wanawake sita, na changu ni kitanda cha juu chenye pazia.

Leo nimeingia ndani tu, simu ikaita. Mama.

"Nyumba aliyokulaza ni yake?"

Nikamwambia ni nzuri, ina madirisha makubwa.

"Hata ile ya Karama ilikuwa nzuri, mwanangu. Sikukuuliza zile picha ukutani ni za nani."

Nilisahau kuzitoa. Miaka mitatu Mama amejua, na siku ile alikaa kwenye kochi la watu akaniombea dua ya baraka ya nyumba bila kunivunjia heshima. Nimeona haya ambayo sijawahi kuona. Nilimfanya mama yangu mgeni, na Salim amenifanya mimi mgeni, na sote tuliita hiyo mapenzi.

"Mimi nyumba nzuri sina haja nayo," akasema. "Nataka kujua mtoto wangu analala wapi."

Nimemuahidi nitamwambia kesho.

Baada ya simu nimefungua pazia, nikapiga picha kitanda changu kama kilivyo: godoro jembamba, sanduku miguuni, feni ndogo, sare ya kazi imetundikwa kwenye chuma. Nimeituma kwa Salim. Chini yake nimeandika: "Hapa ndipo ninapolala. Mama anajua kuwa nilimwonyesha nyumba ya kuazima. Wewe unalala wapi? Nitumie picha."

Kwake ndio kwanza kumekucha. Ameiona. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Nimekaa kitandani nikiitazama simu, hata njaa sina.

Sasa hivi amejibu.

"Ngoja nitandike, dada."