Mgonjwa wa Kwenye Kompyuta

Sofu, Kibaha
12 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na mama mnafunga salama. Mimi mzima, ila moyo umechafuka. Kwa kuwa hupokei simu zangu, barua hii nampa binamu Kondo akuletee.

Baba, sikufeli kwa uvivu. Hapa chuoni mtihani wa maamuzi ya tiba ya meno tunafanya kwenye kompyuta: inakuletea mgonjwa, unachagua la kumfanyia, yenyewe inakupa alama. Wangu alikuwa mzee mwenye jino bovu, na anameza dawa ya moyo inayofanya damu isigande upesi. Nikachagua apimwe damu kwanza ndipo ang'olewe. Kompyuta ikaandika: "Umechelewesha tiba." Nikaanguka. Mwalimu Laurean anasema niko sahihi, amewaandikia waliotengeneza programu. Niamini, baba.

Mwanao,
Firdausi

Kisarawe
19 Machi 2025

Firdausi,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Kompyuta haina ndugu wala chuki. Wenzako wamefaulu kwa hiyo hiyo. Wewe peke yako ndiye mwenye akili? Watu hapa nimeshawaambia umefeli, kuliko wasikie kwa wengine. Idi hii usije. Kaa huko usome.

Baba yako

Sofu
3 Aprili 2025

Baba, shikamoo. Mmeamkaje?

Idi nimeila kwa mama mwenye nyumba wangu, Martina. Mkristo yule kanipikia pilau, akaniuliza, "Kwani kwenu hakuna watu?" Nikamwambia wapo.

Mama anajua kwamba wewe ndiye uliyenikataza? Nijibu hata neno moja.

Mwanao,
Firdausi

Kisarawe
22 Juni 2025

Mwanangu kipenzi, daktari wetu,

Hujambo? Hapa ni furaha tupu. Mwalimu Laurean kanipigia. Kumbe kompyuta ndiyo iliyokosea! Wenyewe wamekiri, umerudishiwa alama zako. Nimewatangazia watu msikitini. Sasa nakuamini. Njoo Jumamosi, nachinja mbuzi.

Baba yako

Sofu
30 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Kondo kaniambia mbuzi mmemla, na wageni waliniulizia. Nilikuwepo tu chumbani kwangu.

Alichokuambia mwalimu ndicho nilichokuandikia Machi. Hakuongeza kitu. Kompyuta iliposema sijui, uliiamini. Iliposema najua, uliiamini. Mimi je, baba?

Kazi naanza kituo cha afya cha Gwata mwezi ujao. Mama akitaka kuniona, ashukie Kwa Mathias, nitampokea. Wewe ukiumwa jino, njoo kituoni, nitakutibu kama mgonjwa mwingine yeyote.

Firdausi