Kipele cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Bado naandika kwa kushoto. Mwandiko wa kuku! Dada wa Mazoezi pale hospitali kanibandika tena vile vibati vya umeme, juu kidogo ya kovu la kifundo cha mkono wa kulia. Kioo cha mlango wa saluni hicho, kilinikata mpaka neva. Anasema umeme unaisukuma neva iliyoshonwa iote kuelekea vidoleni, polepole kama ukucha. Polepole mpaka lini? Gumba, shahada, cha kati — ganzi tupu.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Daktari aliyenishona kasema nifumbe macho, akigusa niseme. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kumbe zile za mwisho hakugusa kitu! Akaniambia kwa upole, hiyo ni kumbukumbu dada, si mkono. Jumatatu akinikuta hivihivi ananipasua tena, anachukua kipande cha neva mguuni anakuja kukipachika.

Kumbukumbu! Sasa nitaacha vipi kukumbuka? Nyumba ile ya zamani, Mama ananifunga kitambaa machoni, nimsuke dada yangu kwa kugusa tu. Njia ya nywele ionwe na vidole, alikuwa akisema. Dada yangu analia, sisi tunacheka. Mafuta ya uvuguvugu, joto la utosi wake. Nazililia siku zile, jamani.

Jumamosi, 8 Machi
Wenzangu wa saluni wamekuja na keki. Kiti changu kapewa binti mpya, mkono mwepesi kweli, wanasema. Nikacheka nao. Walipoondoka nikalia.

Jumapili, 9 Machi
Mama kasema, nisuke. Mama, usinitanie! Akavuta kigoda akaniegemea magotini. Mvi tupu sasa, nywele zimekuwa laini. Nikafumba macho. Mafuta nikayasikia, joto nikalisikia — siamini hata moja. Nikasuka hovyohovyo.

Nyuma ya sikio, kidole cha kati kikashtuka. Kitu kidogo, kigumu. Mama, hapa pana nini?

“Taratibu we! Kipele hicho, kimetoka jana.”

Kipele cha jana! Kumbukumbu ingekitoa wapi? Nikafumbua macho. Kidole kilichokaa juu ya kipele ni cha shahada, si cha kati! Neva imekosea mlango, imeingia kidole cha jirani? Au mkono wa kushoto ndio uliogusa, Mama? Nimekimbilia kuandika. Mama anapiga kelele huko uani, atatoka vipi na kichwa nusu? Anasema nirudi nifumbe macho tena, na huo wa kushoto niuweke mgongoni —