Uji wa Kipusa

Jumatatu, 8 Septemba

Mwanaidi,

Uji wa Kipusa umeungua tena. Wewe ulikuwa unaukoroga huku unaongea, hata kuutazama huutazami. Mimi nikifungua mdomo tu, uji unashika chini. Nimempa hivyo hivyo na sukari guru tele, kama ulivyokuwa ukimfanyia huyu ng'ombe wako akidhoofu. Kalamba kidogo, kaacha. Mbavu zote nje. Na mimba imeshakuwa kubwa. Naogopa.

Jumanne, 9 Septemba

Bwana mifugo kaja na pikipiki kutoka Kilindoni. Kamtoa damu sikioni. Anadhani ni nagana, ile ya mbung'o. Majibu kesho.

Jirani yetu Makame, mchinjaji, kapita hapa asubuhi na jioni. Kaitazama shingo ya Kipusa tu.

Jumatano, 10 Septemba

Ni nagana. Dawa inaletwa keshokutwa.

Nikampigia Saumu, mtoto wa mdogo wako, anayesomea magonjwa hayo Morogoro. Alivyofurahi kuulizwa! Kanieleza kama anasimulia harusi. Vimelea vyenyewe vinaitwa tripanosoma. Vinaogelea kwenye damu, na humo vinaishi kwa sukari tu. Akiba havina. Sisi sukari tunaitumia mpaka tone la mwisho. Vyenyewe vinaitafuna nusunusu na kutema, ndiyo maana havishibi. Wataalamu wanatafuta dawa ya kuvizimia jiko, visiweze kuitumia hiyo sukari, bila kuzima letu.

Raha iliyoje, kujua adui yako anakula nini. Nikakata simu, nikamwaga uji wote.

Alhamisi, 11 Septemba

Kipusa hapati sukari. Na mimi nimekunywa chai bila sukari, nimuunge mkono. Mbaya mno.

Ijumaa, 12 Septemba

Kipusa kalala, hainuki. Makame kaja na kisu.

"Mwenzangu, muwahi. Akifa kibudu hatuli. Mwanaidi angependa apotee bure?"

Kweli tupu. Bwana mifugo naye kasimama na sindano yake, dawa ya njano kama bizari ya manjano. Kasema, "Mzee, nikimchoma, nyama yake hailiwi mpaka wiki kadhaa. Na kupona sikuahidi. Amua."

Nikakumbuka ulivyokuwa ukimchana mkia kwa kitana chako, halafu unajichania mwenyewe. Nikasema, choma.

Makame karudisha kisu alani. "Haya. Basi nikaribishe hata chai. Ng'ombe anapikiwa uji, mimi jirani naambulia moshi."

Nikamwambia uji hakuna tena, sukari inalisha wadudu. Bwana mifugo kacheka mpaka kakaa chini. Nikampigia Saumu anitetee. Naye kacheka.

"Baba Mkubwa! Sukari ya damu mwili unaitengeneza wenyewe. Uliyemnyima ni ng'ombe, mdudu anaendelea kula! Na hiyo sindano inamkamata mdudu kwingine kabisa. Ya kumzimia jiko bado tunaitafuta. Mpikie mgonjwa uji."

Niliona aibu. Halafu nikacheka na mimi, machozi yakanitoka. Sijacheka hivyo tangu tukuzike.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimempikia. Hakugusa. Nimemkalia karibu siku nzima, nimemsimulia habari zako. Masikio yanatikisika. Basi.

Jumapili, 14 Septemba

Kasimama! Miguu inatetemeka, lakini kasimama. Kamaliza uji, pamoja na ulioungua. Kalamba sufuria mpaka ikapinduka.

Makame kaleta mzigo wa majani mabichi. Anasema yalikuwa yanamziba njia tu. Muongo. Nimempa chai.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kazaa baada ya sala ya Ijumaa. Ndama jike, mwekundu, na baka jeupe pajani. Kipusa kamlamba wee, mpaka kamwangusha. Makame kashindwa kujizuia, kapanga madafu mlangoni, na kisu kile kile ndicho kilichoyakata. Saumu kataka picha. Nimemtumia, nusu yake ni kidole changu.

Dang'a yote, yale maziwa ya kwanza, nimemwachia mtoto.

Sasa Makame kaondoka. Nimekaa kwenye kigoda chako. Chai nimetia sukari ninavyopenda, na hakuna wa kunigombeza. Ndama ananyonya, namsikia hapa nilipo.

Mimi kila baada ya sala nakuombea, Mwanaidi. Na wewe huko uliko, nikumbuke.