Kipoozaji cha Kompyuta ya Kim

Mtaa wa West Indies, Eldoret
2 Machi 2025

Kwa binti yangu Nduta,

Habari za Calgary na baridi yake? Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Ni mwezi sasa tangu tumzike mama yenu, na nyumba imekuwa kubwa.

Nakuandikia kwa simu kuhusu kompyuta ya ndugu yako Kim, ile ndogo uliyomletea baada ya ajali yake. Kadi yake ya grafiki inapata joto hadi mashine inajizima. Nanakili kutoka daftari langu: 6 Februari, digrii 91, ikazima. 14 Februari, digrii 94, ikazima mara mbili. Kim amemwahidi Oyugi, yule anayejenga hosteli Kesses, picha kumi na mbili za jengo litakavyokuwa, kabla ya 30 Aprili. Ndiyo kazi pekee inayomtoa kitandani. Tuweke kipoozaji gani?

Baba yako,
Nderitu

Calgary, 5 Machi

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Unakula? Usinidanganye.

Vipoozaji viko vya aina tatu. Cha feni tatu ndicho bora, lakini ni kinene, milimita 58. Cha maji kinataka mahali pa kufungia rejeta ya kupoza maji, na kisanduku cha mashine hiyo hakina. Chembamba kina feni mbili, milimita 40, na kelele kidogo. Fungua ubavu, upime kutoka kwa kadi hadi kwenye wavu wa pembeni. Pima ndani, Baba, si nje. Na umwambie Kim hata akininunia ashike simu.

Mwanao,
Nduta

9 Machi

Binti yangu,

Tumeamka salama, mvua bado. Nimepima mara tatu: 52. Sikuiamini rula, nikakata kadibodi za boksi la maziwa kwa unene wa kila kimoja. Kwa cha 58 ubavu ulikataa kufunga. Cha 40 kiliingia, ikabaki nafasi ya kidole. Kim alinitazama akasema, "Baba, ungekuwa fundi wa majeneza." Ni mzaha wake wa kwanza tangu Januari.

Tuma chembamba.

Baba yako

13 Aprili

Nduta,

Natumaini kazi haikuchoshi sana. Linet alifika kutoka huko na mzigo wako, na Collins fundi akakifunga Ijumaa. Dukani kwake digrii 68. Nyumbani 93, ikazima. Nikairudisha kwake Jumamosi: 68. Kwetu: 93. Je, ni umeme wetu? Zimebaki siku kumi na saba na Kim amemaliza picha tatu.

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Pole kwa kuhangaika. Basi si kipoozaji, wala si umeme. Hewa haiifikii. Niambie kila kitu kilicho juu yake na kando yake, hata ukiona ni upuzi.

Nduta

4 Mei

Binti yangu,

Nisamehe kukaa kimya. Afya tunayo.

Kulikuwa na kitambaa tu. Sikukitaja, maana nani hutaja kitambaa? Redio ina chake, televisheni ina chake. Hiki mama yenu alikifuma kwa kroshia akiwa mgonjwa, akakishonea bitana ya nailoni vumbi lisipite, akakimaliza wiki ile aliyotuacha. Kinaifunika kompyuta hadi chini. Kwa Collins nilikuwa naenda bila hicho, kisichafuke.

Nilimuuliza Kim. Alijua tangu wiki ya kwanza.

"Mbona ukaniacha nikipima?"

"Ulikuwa umepata kitu cha kufanya, Baba."

Akasema nikikitoa mimi hatasema neno, ila yeye hawezi. Nilikitoa tarehe 17, nikakikunja. Digrii 67, kutoka asubuhi hadi jioni, haikuzima hata mara moja. Kim aliitazama ilivyobaki uchi. Akaizima mwenyewe, akarudi kitandani. Kesho yake hakuiwasha, wala siku zilizofuata. Tarehe 30 ikapita, na Oyugi amempa kazi mtu mwingine.

Jana niliifunika tena.

Saa nane mchana bado nafungua daftari. Naandika tarehe, na mahali pa joto natia kistari.

Usitume kitu kingine.

Baba yako,
Nderitu