Jina Bila Mwili

Baba Neema wangu,

Mtoto amezaliwa. Ni wa kiume, ana masikio yako, na hana jina. Kule maternité nilikojifungulia walimwita "bebe ya Mama Neema" tu. Mama yako amekuja kukaa nasi hapa Bunia, na anataka mtoto apewe jina lako. Unajua kwenu hilo lina maana gani. Mtoto hapewi jina la baba aliye hai.

Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Walisema barabara imefunguliwa, waliokuwa wakipigana wamepatana, nawe ukapanda pikipiki kwenda Tchomia, kule ziwani, kuwatafutia wanafunzi wako samaki wa kupasua darasani. Pikipiki ilionekana njiani, mbele ya Bogoro. Wewe na dereva hamkuonekana. Tangu hapo kila mtu ananiambia amani ipo, na kila mtu anafunga mlango jua likiwa bado juu.

Nakumbuka ulivyokuwa ukikaa jikoni nikiparua samaki, unanifundisha biolojia bila kuombwa. Mwalimu ambaye hajaona bahari hata siku moja! Pweza ni Octopus, yaani miguu minane kwa Kigiriki. Farasi wa baharini ni Hippocampus, farasi na dubwana la majini katika jina moja, naye mwenyewe hazidi kidole. Siku uliponiambia kwamba nyangumi mkubwa kuliko wote anaitwa Balaenoptera musculus, na kwamba musculus kwa Kilatini inaweza kuwa panya mdogo, nilicheka mpaka nikaunguza mboga.

"Mwenye alimupa ile jina alikuwa anachekesha watu," ulisema, "ao alikuwa amelewa."

Nikauliza kwa nini Kilatini. "Juu hakuna mutu anaisema tena. Luga ya wafu haibadilike."

Kisha ukanieleza jambo ambalo sasa linanitesa. Anayegundua kiumbe kipya lazima aweke mwili mmoja kwenye chupa ya formoli, ile dawa ya kuzuia kuoza, huko makumbusho. Jina linasimama juu ya huo mwili. Mwenye shaka anakwenda kuuangalia.

Mimi niende kuangalia nini, Baba Neema?

Jana mama yako alinishika mkono. "Mama Neema, mutoto hawezi kubakia hivi. Miye ndiye nilizaa baba yake. Unazani siumie?"

"Mama, na kama hajakufa?"

"Basi yeye iko wapi?"

Tulilia wote wawili, mtoto naye akaanza, na Neema akatuletea maji ya kunywa kama vile sisi ndio wadogo. Nimechoka, mume wangu. Kila pikipiki ikipunguza mwendo hapa njiani natoka nje na kitenge kikiniponyoka. Kuna siku natamani wanionyeshe kaburi lako ili nipate kulala, halafu najichukia mpaka jioni.

Ubatizo ni Jumapili. Nimemwambia mama yako kwamba nimekubali. Kwa hiyo njoo kabla. Njoo hata kama umejeruhiwa, hata kama una mwanamke mwingine, sitauliza kitu, nitakupashia maji ya kuoga. Usipokuja, padri ataniuliza mtoto anaitwa nani, nami nitatamka jina lako mbele ya watu wote, na kwa kinywa changu mwenyewe nitakuwa nimekuzika.

Mke wako mpaka Jumapili,
Mama Neema